Kunduchi Haikuwa Eneo Wazi: Barua kwa Wanaosimamia Ardhi na Mipango ya Dar es Salaam

Waheshimiwa viongozi,

Ninawaandikia kutoka Kunduchi Pwani, mahali walipozikwa mababu zangu na ambapo wajukuu zangu wanasoma, kuomba jambo moja. Yapo maeneo ambayo sisi wenyeji tumeyatumia kwa pamoja tangu Kunduchi ilipokuwa kijiji cha kujitegemea: magofu na makaburi ya kale, diko la wavuvi, yaani pale wanapopandishia vyombo na kuuzia samaki, njia za kuteremkia pwani na mikoko ya mkondo wetu. Ninaomba maeneo hayo yapimwe, yawekewe mipaka na yaandikwe katika michoro ya mipango miji kwa majina na matumizi yake, kabla hayajamalizika kumegwa. Ombi lenyewe ni fupi, ila sababu zake zinahitaji nafasi, na ninawasihi mnivumilie mpaka nizimalize.

Nianze na neno lililonifanya nishike kalamu. Siku moja nilikwenda katika ofisi moja ya umma, ambayo sioni haja ya kuitaja, kuuliza mchoro wa eneo letu unasemaje kuhusu kile kipande cha ufukwe ambako ngalawa na mitumbwi hupandishwa. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu, aliniamkia, akanipa kiti, akafungua mchoro, akaweka kidole mahali penyewe na kusema, "Hapa, mzee, ni eneo wazi." Nikamuuliza ni wazi kwa maana gani. Akanijibu kuwa hapana nyumba, hapana kiwanja kilichopimwa, wala hapana mwenye hati. Wakati wa kurudi nyumbani nilipita palepale. Fundi alikuwa chini ya dau akikalafati, yaani akiziba nyufa za mbao kwa pamba, wanawake walikuwa wakipaa samaki, nyavu zilikuwa zimeanikwa kwenye miti, na mzee mmoja alikuwa akisuka dema la kutegea samaki huku akimfundisha kijana namna ya kufunga mdomo wake. Mahali palijaa watu na kazi hata nikalazimika kuzunguka ili nipite. Simlaumu yule kijana, kwani alisoma kilichoandikwa, na shauri langu liko juu ya hicho kilichoandikwa.

Dar es Salaam, ambayo sensa ya 2022 iliihesabu kuwa na watu 5,383,728, ni mji wa juzi ukilinganishwa na vijiji ilivyovimeza. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga hapa katika miaka ya 1860 hakukuta pwani tupu. Alikuta Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima, na kando yake, kaskazini na kusini, vijiji vingine vya Washomvi na Wazaramo kama Msasani, Kunduchi, Mbweni na Mbwamaji. Kunduchi ilikuwa na msikiti wa mawe uliojengwa kati ya karne ya 15 na ya 16, yaani takriban karne tatu au zaidi kabla Majid hajaweka jiwe lake la kwanza bandarini. Kuta zake zimebaki mpaka leo katikati ya mibuyu. Jirani na msikiti huo yapo makaburi ya watu wakubwa wa karne zilizofuata, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yakiwa na nguzo ndefu zilizopachikwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Baadhi ya mabakuli hayo yameng'olewa na kilichobaki ni tundu la mviringo kwenye chokaa, ambalo mtoto akiingiza mkono wake huuliza palikuwa na nini.

Nilipokuwa mdogo mimi pia niliuliza, na bibi yangu alinijibu kwamba palikuwa na sahani ya mgeni. Baadaye nilielewa kuwa jibu lake lilikuwa na ukweli mkubwa, kwa sababu bakuli lililosafiri kutoka Uchina na kufika Kunduchi lilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi waliokuja na pepo za kaskazi na kuondoka na za kusi, na watu wa hapa walikuwa na kitu cha kuwapa wageni hao hata wakaweza kulipata, wakalithamini kiasi cha kulipachika juu ya kaburi la mkubwa wao.

Wazee wanasimulia, na wanahistoria wameandika, kwamba Washomvi wa pwani hii waliposhambuliwa na Wakamba waliomba msaada kwa Wazaramo wa bara, na kwamba Pazi aliyewaongoza Wazaramo alikubaliana nao apewe kila mwaka ada iliyoitwa kanda la pazi. Ninaikumbusha habari hiyo kwa sababu moja. Watu hutoa ada kwa ajili ya mahali penye wenyewe, penye mipaka inayojulikana na haki za matumizi zilizokubaliwa. Makubaliano yale hayakuandikwa kwa mpima, lakini yalikuwa makubaliano, na yalidumu kwa vizazi kadhaa.

Naomba pia mtazame majina ya mitaa ya jiji hili, kwa kuwa majina ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki katika sehemu nyingi. Mikocheni palikuwa na mikoche. Msasani kuna Mikoroshoni na kuna Bonde la Mpunga, na kila mvua kubwa ikinyesha maji hurudi katika bonde hilo kana kwamba yanatafuta majaruba yake. Aliyetoa jina alijua maji yanakaa wapi. Aliyechora viwanja juu yake, nadhani, hakumuuliza.

Waheshimiwa, kijiji kinapoingia mjini hubadilika kwa namna ambayo mkazi wa kawaida haioni siku hiyohiyo. Nyumba zinabaki zilezile na mwenyekiti anaweza kuwa yuleyule, ila kinachoondoka ni mamlaka ya watu juu ya ardhi yao ya pamoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji, ambayo huisimamia kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na mambo makubwa kama kugawa ardhi au kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja hupelekwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi mtu mzima ana nafasi ya kusema. Simaanishi kwamba sheria hiyo inatuhusu sisi wa mjini leo. Ninaitaja ili ionekane wazi kile ambacho kijiji kinacho na mtaa hauna. Mtaa unaye mwenyekiti aliyechaguliwa, unaye afisa mtendaji, unayo kamati na unafanya mikutano, lakini hauna ardhi. Ardhi ya mjini hupangwa kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 na kugawiwa na mamlaka zilizo juu ya mtaa, na mkazi wa zamani asiye na hati hujikuta akisimama foleni moja na mtu aliyeliona eneo hilo kwa mara ya kwanza mwezi uliopita.

Kwa nyumba ya mtu binafsi dawa imekwisha kupatikana, angalau kwa kiasi. Zoezi la urasimishaji limewawezesha majirani zangu wengi kupimiwa viwanja vyao na wengine wamepata hati, jambo ambalo ninalishukuru. Lakini urasimishaji hupima cha mtu mmoja mmoja. Mpima hufika, huuliza, "Hapa ni kwa nani?", na mwenye nyumba hujitokeza. Akifika kwenye diko na kuuliza swali hilohilo hakuna mtu mmoja atakayejibu, kwa kuwa ni pa wote. Na mahali ambapo hakuna aliyejibu huachwa weupe kwenye karatasi. Hivyo ndivyo pa wote panavyogeuka kuwa pasipo na mwenyewe.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye diko, kwa sababu ninaamini kwamba wengi wanaoamua juu yake huliona saa za mchana tu, wakati vyombo viko baharini na mchanga unaonekana mtupu. Diko lina saa zake na lina misimu yake. Kuna vyombo vinavyoondoka usiku na kurudi alfajiri, na hapo mnada huanza kabla jua halijachomoza vizuri. Kuna wanaokwenda na maji yanapokupwa na kurudi yanapojaa. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali sana, wanawake na watoto hutoka kwa miguu hadi kwenye miamba kutafuta pweza na chaza, na siku za maji mafu shughuli hupungua na nyavu hushonwa. Kusi kikivuma kwa nguvu vyombo vidogo hupandishwa juu kabisa, mpaka chini ya miti, na vinaweza kukaa huko siku nyingi. Dau linalokalafatiwa haliwezi kuhamishwa kwa sababu mtu anataka kuweka viti vya wageni. Litabaki juu ya magogo mpaka pamba iingie na mafuta yakauke. Kwa hiyo nafasi inayoonekana ya ziada mwezi wa Februari ndiyo inayohitajika mwezi wa Julai, na anayeimega Februari huona kama hakumdhuru mtu.

Juu ya diko hilo husimama maisha ambayo hayaonekani majini. Samaki anayeuzwa mnadani hununuliwa na mama anayekaanga, naye huuza kwa mwenye kibanda cha Tegeta au Mwenge. Wengine hubeba ndoo za vibua na dagaa mpaka ndani kabisa ya mji. Kuna wauza barafu, wauza kuni, mafundi wa mashine za boti na vijana wa kubeba. Wengi wao hawakuzaliwa Kunduchi, na hilo halinisumbui hata kidogo, kwa kuwa pwani hii haijawahi kuwa ya kabila moja, na wavuvi wa dago, wanaopiga kambi za muda kufuata samaki, wamekuwa wakija na kuondoka tangu enzi za mababu zetu. Kinachowaunganisha ni kwamba wote wanategemea kipande kilekile cha mchanga ambacho kwenye mchoro ni cheupe.

Kwa upande wa bahari sisi tumekwisha kutoa. Visiwa vya Mbudya, Pangavini, Bongoyo na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu tangu 1975, na sehemu ambazo babu zetu walivua zikawekewa masharti. Wapo walionung'unika, na bado wapo. Mimi ni miongoni mwa wanaoona kuwa ilikuwa haki, kwa sababu nimeisikia baruti ikilipuka baharini na nimeuona mwamba baada yake, ukiwa kifusi cha matumbawe yaliyokufa ambako hata tasi hajifichi. Leo boti zilezile zinazovua hubeba wageni kwenda Mbudya, na vijana wetu hupata riziki humo. Ninalosema ni kwamba Serikali ilipotaka kuhifadhi kitu baharini iliweza kukitaja kwa jina, kukiwekea mipaka na kukitungia kanuni. Basi iweze pia upande wa nchi kavu, hatua chache tu kutoka hapo.

Njia za kuteremkia pwani zimepungua mbele ya macho yangu. Utotoni nilikuwa na njia nne za kuchagua kutoka nyumbani kwetu hadi majini, na bibi aliziita kwa majina ya watu waliokaa kando yake. Mbili zimekwisha kuzibwa kwa kuta. Mmoja wa waliojenga alinieleza kwa upole kabisa kwamba alinunua kiwanja kikiwa kimepimwa na njia hiyo haikuwamo, na nilipoutazama mchoro wake niliona kuwa anasema kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, nasi tunaifahamu. Lakini ufukwe wenye ulinzi wa mita 60 hauna faida kwa mvuvi ambaye hawezi kuufikia isipokuwa kwa kuzunguka mbali akiwa na mashine ya boti begani.

Ufukwe wenyewe unaliwa. Wazee wa Kunduchi wanaonyesha kwa kidole, kule kwenye maji, mahali palipokuwa na minazi, na majengo makubwa kwa madogo yamekwisha kuangukia baharini kwenye ukanda huu katika muda wa miongo michache. Wataalamu waliochunguza jambo hili wametaja mchanga unaochimbwa katika mito inayoteremka kwetu, ambao ndio uliokuwa ukijaza ufukwe, pamoja na kukatwa kwa mikoko na kubomolewa kwa miamba iliyokuwa ikivunja mawimbi. Mikoko ya mkondo wetu, mikoko yenyewe pamoja na michu na mikandaa, ni hifadhi kwa mujibu wa sheria, lakini kingo zake hurudi nyuma kidogo kila mwaka, kwa kifusi kinachomwagwa usiku na kusawazishwa asubuhi. Mahali pasipo na alama ya mpaka, mlinzi hana pa kusimama na kusema hapa ndipo ulipovuka.

Nirudi kwenye makaburi, kwa sababu ndiyo yanayonilaza macho. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayahesabu majengo na makaburi ya kabla ya 1863 kuwa kumbukumbu za kale, na kwa hiyo magofu ya Kunduchi yana ulinzi ambao diko halina. Nimefika Kaole, karibu na Bagamoyo, nikaona namna mahali pa aina hiyo panavyoweza kutunzwa, penye mtu wa kumpokea mgeni na kumweleza. Hapa kwetu mgeni huuliza njia kwa waendesha bodaboda. Lakini hofu yangu kubwa ni kwa makaburi ambayo si ya kale vya kutosha. Katika vijiji vyetu watu walizikwa karibu na nyumba, chini ya mwembe au kando ya shamba, pakawekwa jiwe kichwani na jiwe miguuni, bila maandishi. Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, yenye utaratibu wake pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma. Utaratibu huo, hata hivyo, unahitaji mtu ajue kwamba hapo pana kaburi. Shamba likiuzwa mara tatu, mnunuzi wa tatu huona mawe mawili tu, na fundi wake huyatumia kwenye msingi. Kila mwaka inapokaribia Ramadhani tunakwenda kuzuru na kuwasomea dua waliotutangulia, na kila mwaka kuna familia moja au mbili zinazosimama mbele ya ukuta na kusoma dua zao nje.

Sipingi jiji. Nimezeeka nikiona barabara ya Bagamoyo ikipanuliwa, umeme ukifika, shule zikiongezeka na mgonjwa akifikishwa hospitali kwa dakika, pale ambapo zamani angesafirishwa kwa ngalawa au kwa kitanda cha kamba. Watoto wangu wameajiriwa kwa sababu jiji lilitufuata. Hata kiwanda cha saruji cha Wazo, ambacho kimekuwa jirani yetu tangu miaka ya 1960, kimejenga sehemu kubwa ya mji huu kwa chokaa ya milima yetu, na wapo majirani zangu waliojenga nyumba zao kwa kazi ya kuponda kokoto katika machimbo ya Kunduchi. Jiji lililojengwa kwa mawe ya Kunduchi linaweza kuibakishia Kunduchi mahali pa kuzikia na mahali pa kupandishia ngalawa.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo kwa heshima zote. Maeneo niliyoyataja yapimwe kwa gharama ya umma, yakiwamo yale makaburi madogo ya familia, na upimaji ufanyike pamoja na wazee na wavuvi badala ya kufanywa kwa picha za kutoka angani peke yake. Matokeo yake yabandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa kwa muda wa kutosha ili watu wayasome na kuyapinga au kuyakubali katika mkutano mkuu wa mtaa. Diko liandikwe kuwa diko, likiwa na nafasi ya kusi na si ya kaskazi pekee, na njia mbili zilizobaki ziandikwe kuwa njia. Pia maombi yoyote ya kubadilisha matumizi ya maeneo hayo yasipitishwe kabla wananchi wa mtaa husika hawajasikilizwa, hata kama sheria ya mjini haiwapi mamlaka waliyo nayo wenzao wa vijijini. Ninyi mnao uwezo wa kuliweka hilo kama utaratibu, na sioni kwamba litachelewesha mradi wowote wa kweli.

Kazi ya kuonyesha mipaka haihitaji kumsumbua mtaalamu kwa wiki nyingi. Wapo wazee wetu wanaoweza kutembea kuanzia magofuni, wakapita chini ya mibuyu, wakafuata ukingo wa mikoko na kutokea dikoni, wakitaja kila mahali kwa jina lake, na wamekwisha kukubali kufanya hivyo bila malipo. Tunaomba tu mpima aje siku ya bamvua, asubuhi maji yanapokupwa, kwa sababu hapo ndipo mawe ya zamani ya kufungia vyombo yanapoonekana. Atuarifu siku mbili kabla, nasi tutamngoja kwenye mbuyu wa kwanza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Kunduchi Pwani